Majibu kwa Atuwene, Aliyeniletea Sura Tisa

Atuwene,
sura zako tisa zimefika Kilolo salama
ndani ya mfuko wa mbolea.
Kondakta alinikabidhi kama anayekabidhi kuku.
Nimezisoma kwa mikesha miwili,
miguu karibu na jiko la mkaa,
maana huku Julai ni Julai kweli.

Nianze na lililoniuma.
Ukurasa wa kwanza jua linachomoza.
Wa pili linachomoza tena, kwa maneno mengine.
Mwanangu, jua limezoea kuchomoza peke yake.
Anzia pale mama yake Luhano
anapohesabu fedha za njegere kitandani
na kukuta zimepungua elfu nne,
kisha anazihesabu upya, kwa sauti,
ili aliyelala chumba cha pili asikie.
Hapo ndipo uji wangu ulipomwagika.

Huyo Luhano mwenyewe:
sura tatu nzima hajala.
Analia, anakumbuka, anatazama milima.
Mpe kiazi cha moto
akirushe mkono huu na huu.
Nitajua ana njaa, nitajua hana sahani,
nitajua mengi uliyoyanyamazia.
Usiniambie ana huzuni.
Niambie kwa nini kila Jumamosi
anafua shati la kaka yake
aliyehamia Makambako mwaka juzi.

Watu wako wanaongea kama barua ya serikali ya kijiji.
Nenda gulioni, simama penye nyanya, usinunue,
tega sikio.
Mtu anayedai deni haanzi na deni.
Anauliza, "Yule ng'ombe wako amezaa?"
Na mdaiwa anaanza kukohoa.

Masika yakiingia
jirani yangu Kikoti huenda kwenye mianzi kabla ya umande kukauka.
Anakata ncha, kipande chembamba kama ukucha,
ananing'iniza mbeta, anaondoka.
Jioni anarudi, anakata tena.
Hauulizi mwanzi kama leo una hamu.
Akikosa siku mbili kidonda kinafunga,
na mbeta inakinga maji ya mvua tu.
Sitakufafanulia.
Na wewe acha kumfafanulia msomaji.

Sura ya sita, harusi ya Ipogolo:
nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.
Itoe.
Haimsogezi mtu yeyote hata hatua moja.
Najua inauma, ndiyo maana nimeiandika kwa herufi ndogo.

Na Chengula, mwizi wako, ni mbaya mno,
mbaya kuanzia viatu.
Mpe hata jambo moja jema alifanye bila kuonwa.
Niliwahi kumjua mwanamume
aliyeuza shamba la mkewe kwa siri,
na asubuhi ileile akampigia pasi mtoto wa dada yake
sare ya shule,
akilainisha kola kwa ncha ya kidole.
Ningempenda kidogo zaidi, au kidogo pungufu,
ningeweza kuandika mwisho wake.

Basi.
Sura ya tisa wote wamesameheana.
Mbona haraka? Nani anawafukuza?

Kalamu nyekundu iliisha katika sura ya nne,
kuanzia hapo nimetumia mkaa.
Usidhani alama za mkaa ni za mzaha.
Na kama huna nakala nyingine,
ukaniamini mimi na kondakta,
nitakugombeza tukionana.

Mfuko nakurudishia na viazi juu,
ili wasiupekue.
Chini kabisa kuna kaunta buku mbili
zilizofungwa kwa kamba ya katani.
Zimeandikwa nusu, wino wa zamani, umekuwa kahawia.
Kurasa za nyuma ni nyeupe, zitumie,
karatasi imepanda bei.

Za mbele usizisome.

Au zisome,
lakini nikija Krismasi usiniulize
yule mwanamke alifika wapi.